Kiti cha Bi Mkubwa

Kipande cha tofali kilichotoka ndani ya mkate kilikuwa kidogo tu, sawa na punje ya mahindi, lakini mpishi wa kantini ya hospitali alikuwa amekifunga kwenye karatasi kama mtu anayepeleka jino lake kwa daktari. Alikifungua juu ya kaunta, mbele ya foleni nzima ya asubuhi.

"Mama, mgonjwa wangu nusura avunjike jino. Hii ni mara ya pili."

"Nisamehe, kaka. Nipe hiyo mikate nikurudishie pesa zako."

"Mikate ipi? Mingine wameshakula."

"Nitarudisha hata ya iliyoliwa."

Huyo aliyekuwa akiomba radhi ni mke wa mwokaji. Wateja walimwita Chapuchapu kwa sababu chenji yake ilikufikia kabla hujafunga pochi, na kwa maneno pia hakuwa mtu wa kuchelewa. Asubuhi hiyo wepesi wote ulimwishia. Alirudisha pesa macho chini, huku mama mmoja kwenye foleni akiupapasa mkate wake kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Wawili watatu walitoka kwenye mstari bila kuaga, wakavuka barabara.

Kosa lilikuwa la tanuri. Lilikuwa la matofali, la kuni, alilijenga baba mkwe wake enzi za uhai wake, na sasa paa lake lilikuwa limepasuka likawa linamwaga chembe kila moto ukikolea. Bwana afya alishapita, akamulika tochi ndani, akaguna, akasema mwisho wa mwezi akikuta moto humo anafunga mlango. Hakusema kwa ubaya. Hata mkate alinunua, ingawa aliuchagua kwa muda mrefu.

Na pesa za tanuri jipya zilikuwapo! Hapo ndipo palipomchoma Chapuchapu. Kulikuwa na hoteli iliyofungwa, na mwenye mali alikuwa akiuza tanuri la gesi, zuri, la milango miwili, kwa bei ya kutupa. Pesa zilizokuwapo zingelilipia na chenji ikabaki. Ila pesa zenyewe zilikuwa ndani ya Kichwa.

*

Kichwa lilikuwa jina la mtaani. Kampuni yenyewe ilikuwa na jina refu lililowashinda watu kutamka, na ilisemekana imetengeneza akili bandia ya kuwafikiria wenye maduka: inajua sukari itakwisha lini, inajua nani akikopa hatalipa. Hakuna mwenye duka katika mtaa ule aliyewahi kuiona ikifanya kazi, lakini habari za hisa zake kila mtu alikuwa nazo mdomoni. Soko la hisa lenyewe lilikuwa dogo. Kampuni za saruji, za sabuni na za bima zilikuwa zimelala humo miaka nenda miaka rudi, na sasa redio ikitangaza kwamba soko limepanda, maana yake ni kwamba Kichwa kimepanda, basi. Wenye kampuni walikuwa wamezikumbatia hisa nyingi wenyewe, zilizoachwa kwa watu zilikuwa haba, na aliyebahatika kuzipata hakutaka kuziachia. Kila aliyekuja kununua alikuta chache akaongeza bei, na aliyekuja nyuma yake akaongeza zaidi.

Makao makuu ya habari hizo yalikuwa kwa kinyozi, mlango wa pili kutoka dukani. Alikuwa ameibandika simu yake juu ya kioo, bei ikionekana, na bei ikiruka alizima mashine ya kunyolea akashangilia, mteja akabaki na kichwa nusu. Hakuna aliyelalamika. Kinyozi ndiye aliyemwingiza mwokaji.

"Ndugu yangu, wewe unachoma mkate mmoja mmoja," alimwambia. "Wenzako wanakula faida wamekaa kwenye kochi."

Mwokaji alikuwa mtu mpole, mwenye mabega mapana na macho mekundu ya kukosa usingizi. Tangu ujana alifanya kazi watu wakiwa wamelala, akalala watu wakiwa wanapiga kelele. Magari hakuyataka, wala ghorofa. "Nataka nilale usiku kama watu," alimwambia mkewe siku moja, bila mzaha. "Mara moja kabla sijafa, nisikie mvua ya usiku nikiwa kitandani mwangu." Ndiyo maana Chapuchapu, pamoja na ulimi wake, hakuweza kumkasirikia moja kwa moja.

Siku mwokaji alipokwenda ofisi ya madalali wa hisa kufungua akaunti, alipata aibu yake. Pale kila kitu kilikwenda kwa alama za vidole, na mashine ilimkataa. Alijaribu cha gumba, akajaribu cha shahada, akajaribu vyote kumi. Karani akamfuta kwa pamba yenye spiriti, akamminya kidole kwenye kioo kama anayekamua ndimu, wapi.

"Mzee, una vidole kweli?" akauliza, na foleni ikaangua kicheko.

Vidole alikuwa navyo, ila vilikuwa vimelambwa na mabati ya moto kwa miaka yote hiyo mpaka vikawa laini kama kijiko. Vya mkewe pia vilikuwa vivyo hivyo, maana naye alikuwa akiyatoa mabati tanurini. Basi siku ya pili mwokaji akaenda na mama yake mzazi, Bi Mkubwa, aliyekuwa ameacha kazi ya tanuri zamani na ngozi yake ikapata kupona. Bi Mkubwa aliweka gumba mara moja tu, mashine ikalia kwa furaha, na hisa zote za nyumba ile zikaandikwa kwa jina lake. Tangu hapo hakuna hisa iliyonunuliwa wala ambayo ingeuzwa bila lile gumba.

Na Bi Mkubwa alilijua hilo. Alianza kulipaka mafuta.

*

Mwokaji alipoamka alasiri, walikula watatu mezani nyuma ya duka. Bi Mkubwa hakusubiri hata anawe.

"Imefika wapi?"

"Imepanda tena, Mama."

"Mungu mkubwa. Pale ofisini walisema. Waliniambia, Mama Mwekezaji, wewe kaa tu uangalie." Kule ofisini walimwita hivyo, Mama Mwekezaji. Walikuwa na kiti chake karibu na feni, chenye mto, na chai aliletewa kwenye kikombe chenye kisahani. Kila alipotoka huko alirudi anatembea kama bibi harusi.

Chapuchapu alisukuma sahani yake pembeni. "Leo nimewarudishia kantini pesa. Wamekuta tofali kwenye mkate."

"Kubwa?" aliuliza mwokaji.

"Tofali ni tofali, baba watoto. Mwenye tanuri amenipigia, ananisubiri mpaka Ijumaa. Tuuze kiasi cha tanuri tu. Zingine ziacheni zipande mpaka zifike mwezini."

"Ukiuza leo unaitupa kesho. Tukivuta subira mpaka mwisho wa mwezi tunanunua matanuri mawili."

"Mwisho wa mwezi bwana afya anakuja na kufuli."

"Nitaongea naye."

"Utamwambia nini? Kwamba Kichwa kimepanda?"

Mwokaji alicheka kidogo, lakini hakumwangalia. Alikuwa na jambo, na mkewe alimjua mtu akiwa na jambo. Akatafuna, akameza, akanywa maji.

"Kinyozi ameuza pikipiki yake," alisema mwishowe. "Anataka kuongeza. Sasa hisa hazipatikani ovyo, lakini pale ofisini wamesema anayekuja na pesa nyingi wanamtafutia. Nimeuliza benki. Wakiishika nyumba hii rehani wanatupa mkopo mzuri. Jumatatu niende na Mama, aweke gumba."

Nyumba ilikuwa ya Bi Mkubwa. Mbele duka na tanuri, nyuma vyumba viwili na ua wa kuanikia nguo. Duka likifungwa wangebaki na nyumba. Nyumba ikienda, wangebaki na nini?

"Mama," alisema, "umesikia anachosema?"

"Nimesikia. Mwanangu hajawahi kunidanganya," alijibu Bi Mkubwa, akalitazama gumba lake kama mtu anayetazama pete. "Na mimi siwezi kuwavunja moyo wale vijana wa ofisini."

*

Alhamisi mwenye tanuri alipiga simu tena. Sauti yake ilikuwa imepungua adabu. "Dada, mimi si ghala lako. Kuna mtu hapa ana pesa mkononi. Kesho mchana namkabidhi." Chapuchapu akamwomba, akambembeleza, akamwita kaka, akamwita baba.

Mumewe alikuwa amelala, simu kifuani. Siku hizi hata usingizi wake wa mchana ulikuwa wa kuibia. Alishtuka kila baada ya kitambo, akafungua jicho moja, akaangalia bei, akafunga. Chapuchapu alisimama mlangoni akimtazama, huruma na hasira zikigombana ndani yake. Kisha akaenda uani alikokuwa Bi Mkubwa.

"Mama, twende ofisini tukaulize tu."

"Kuuliza nini?"

"Kuuza kunakuwaje. Kiasi cha tanuri. Kuuliza si kosa."

"Unataka kunigombanisha na mwanangu."

"Sitaki. Nataka akiamka mwezi ujao awe na mahali pa kuchomea mkate. Usipotaka kuuza, basi, tunarudi. Utakunywa chai yako tu."

Habari ya chai ndiyo iliyofanya kazi. Bi Mkubwa alivaa nguo ya kutokea, akapaka gumba mafuta, wakaenda.

Ofisi ilijaa watu. Kwenye ukuta ubao wa umeme ulikuwa unawaka namba za Kichwa, na chini yake watu walisimama shingo zimeinuliwa. Karani alimwona Bi Mkubwa tangu mlangoni, akafungua mikono. Mhudumu alikuwa ameshaanza kumimina chai.

"Mama Mwekezaji! Karibu kiti chako. Leo tunaongeza ngapi?"

"Leo nimekuja kuulizia kuuza."

Tabasamu la karani halikuondoka. Lilibaki usoni, lakini mwenyewe alikuwa ameshatoka. "Kuuza," alirudia. "Wanaouza ni dirisha lile la mwisho, mama." Lile jina la Mwekezaji alikuwa ameshamvua.

Dirisha la mwisho lilikuwa limezibwa na maboksi. Yalikuwa na kofia na fulana zenye nembo ya kampuni, za kugawia wanunuzi, na ilionekana kuwa hayakusogezwa kwa muda mrefu kwa maana vumbi lilikuwa limekaa juu yake. Mbele yake hapakuwa na kiti wala benchi. Wakasimama. Chapuchapu aliyatazama yale maboksi, akaelewa. Watu wote waliojisifu mtaani kuwa wametajirika, hakuna hata mmoja aliyekuja kwenye dirisha hili akaondoka na pesa zake. Wote walikuwa matajiri wa ubaoni.

Wakasimama mpaka magoti ya Bi Mkubwa yakaanza kulalamika. Aliomba kiti, akaambiwa asubiri. Akageuka kutazama kile chake. Kilikuwa kimekaliwa na mwanamume mnene mwenye mkoba, mnunuzi mpya, ameegemea mto, feni inampepea. Mkononi alikuwa na kikombe chenye kisahani.

"Mkwe," alisema Bi Mkubwa polepole, "ile chai si yangu?"

"Ndiyo, Mama. Ilikuwa yako."

Chapuchapu aliona shingo yake ikinyooka kama zamani, alipokuwa bado anaamrisha tanuri.

Karani alikuja hatimaye, akasogeza boksi moja ili apate tundu la kuongelea. "Mama, nakushauri kama mwanao. Usiuze. Soko letu ni jembamba, hisa zinazozunguka ni chache. Ukimwaga hata hizi zako kwa mpigo, bei itayumba. Wafikirie wenzako."

"Wenzangu wamekaa," alisema Bi Mkubwa. "Mimi nimesimama."

"Mama, kiti ni jambo dogo..."

"Kama ni dogo mbona kilikushinda kuleta? Nikija kuleta pesa mimi Mama Mwekezaji. Nikija kuzichukua pesa zangu mimi mzigo kama haya maboksi. Leta mashine yako."

Chapuchapu alimshika kiwiko. "Za tanuri tu, Mama. Kama tulivyosema."

"Zote," alisema Bi Mkubwa kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia. "Sibakishi hata moja kwenye nyumba isiyonipa kiti."

Akaweka gumba. Mashine ikalia mara moja. Wanunuzi walikuwa wengi wenye njaa, hisa zikadakwa kabla karani hajafuta jasho, na pale ukutani namba ya Kichwa ikajikwaa, ikashuka kidogo. Ukumbi ulipiga kelele kama watu walioona mtoto akianguka kutoka kitandani. Kisha namba ikainuka tena, wakacheka. Chapuchapu ndiye peke yake aliyekuwa hawezi kucheka. Alichokuja kutafuta alikuwa amekipata na kupita kiasi, na sasa alikuwa anamwogopa mtu aliyelala nyumbani.

Walipofika barabarani alimpigia mwenye tanuri, akamwambia mkataba wa mauzo anao mkononi na benki wataachia pesa siku chache zijazo. Yule alinung'unika, akakubali.

*

Bi Mkubwa alimwambia mwanawe mwenyewe. Hakutaka kusemewa.

"Nimeuza."

Mwokaji alikuwa bado na shuka. "Umeuza nini, Mama?"

"Vichwa vyako. Vyote."

Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alikaa ukingoni mwa kitanda akiitazama mikono yake. "Mlingoja nilale," alisema. "Wewe na yeye. Mlingoja nilale ndipo mniuzie usingizi wangu."

"Baba watoto, mimi niliomba za tanuri tu..."

"Usiniite."

Alibeba mto wake, akahamia stoo, kwenye magunia ya unga. Tanuri la gesi lilipoletwa alilibeba na vibarua bila kutoa neno, akaunga mabomba, akajaribu moto, akarudi kwenye magunia. Mkate uliotoka ulikuwa mweupe, laini, usio na chembe hata moja, na mpishi wa kantini alirudi. Bwana afya naye alikuja, akafungua milango yote miwili, akanunua mkate bila kuchagua. Yote hayo yalikuwa ya kushangilia, na hakuna aliyeshangilia.

Maana Kichwa kilizidi kupanda. Kilipanda wiki ile, kikapanda na iliyofuata. Mwokaji akipita kwa kinyozi kununua wembe, anasikia mahesabu ya utajiri ambao ungekuwa wake. Na hapo kwa kinyozi ndipo alipopata pigo lenyewe.

"Ile Alhamisi kuna mjinga mmoja aliuza!" kinyozi alisimulia, mashine hewani. "Nani sijui. Bei ikateleza kidogo tu, nami nilikuwa nimeshawaachia madalali pesa za pikipiki tangu asubuhi. Nikadaka! Mungu ambariki huyo mjinga, popote alipo."

Wateja wakacheka mpaka mmoja akajifuta machozi na taulo la kunyolea. Mwokaji alilipa wembe, akatoka. Alipofika nyumbani alimsimulia mkewe maneno hayo, na hayo ndiyo yalikuwa maneno marefu zaidi aliyomwambia tangu siku ile.

Chapuchapu alikosa raha. Kila asubuhi alisikiliza redio akiomba bei ianguke, halafu akaona aibu kwa kuomba hivyo, kwa sababu ikianguka ingemwangukia kinyozi na nusu ya mtaa. Isipoanguka, basi yeye ndiye aliyemnyang'anya mumewe kitu pekee alichowahi kukitaka. Alifikiria hata kumwomba msamaha. Alishindwa kujua angeomba msamaha wa nini, wa tanuri?

*

Ilianguka siku ya soko, jua likiwa juu. Chapuchapu alikuwa akipeleka mikate kantini aliposikia watu wakisema mwenye Kichwa hajulikani alipo. Yale maelfu ya maduka yaliyodaiwa kufikiriwa na akili bandia yalikuwa hayapo. Kampuni ilikuwa ikijiuzia yenyewe kwa mlango wa nyuma na kujiandikia faida. Kwa vile soko zima lilikuwa limeegemea hapo, saruji na sabuni na bima nazo zikaburutwa chini, ingawa hazikuwa zimemkosea mtu.

Alipita njia ya ofisi ya madalali. Foleni ilitoka ndani ikapinda kona, na yote ilikuwa ya dirisha la mwisho. Maboksi yalikuwa yametupwa nje, watoto wamevaa kofia. Sasa kila mtu alikuwa muuzaji, na mnunuzi hakuwapo hata wa dawa. Katikati ya foleni alimwona kinyozi, amekuja mbio na aproni yake, kitana mfukoni. Chapuchapu akaficha uso nyuma ya kreti ya mikate, akapita.

Nyumbani alikimbilia stoo. Mumewe alikuwa anaamka, unga kwenye nywele.

"Kichwa kimekwisha," alisema, pumzi juu. "Hakuna anayenunua. Mwenyewe amekimbia."

Mwokaji alimtazama kama mtu aliyeamshwa katika nyumba ngeni. Akasimama, akashika ukuta.

"Nyumba?" aliuliza.

"Nyumba ipo."

"Tanuri?"

"Lipo, si hilo umelalia ubavuni pake. Limelipwa mpaka senti ya mwisho. Na pesa zingine ziko benki."

"Jumatatu ile tulikuwa twende benki," alisema. Aliketi tena kwenye gunia, kwa kishindo, unga ukaruka. "Jumatatu ile ningeiweka nyumba. Nilikuwa nimeshapiga pasi shati." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka, akafunika uso kwa mikono yake mikubwa na mabega yakatikisika. Chapuchapu alikaa kando yake juu ya unga na nguo yake nzuri, akamshika mgongo. Naye akalia, ila kilio chake kilikuwa cha kutua mzigo, kitamu, kama maji baada ya safari.

Bi Mkubwa alikuja kusimama mlangoni. Habari alikuwa ameshazipata kwa jirani.

"Mama," alisema mwokaji, "nisamehe."

"Usiniombe msamaha mimi. Niliuza kwa hasira tu, wala sikujua lolote. Wangenipa kiti siku ile, ningekunywa chai yangu nikarudi, na leo tungekuwa na vyombo barabarani." Aliingoja sentensi yake iwaingie, na ilimwingia hata yeye, kwa maana alilazimika kuegemea fremu ya mlango. "Na wewe mkwe usijifanye ulijua."

"Sikujua, Mama. Niliogopa tu."

"Basi tumshukuru Mungu kwa uoga wako na kiburi changu," alisema Bi Mkubwa, akaenda kupika. Mwokaji alibeba mto wake akaurudisha chumbani. Kwa pesa zilizobaki waliajiri mwokaji wa pili, kijana mwenye familia, wa kupokezana zamu. Mara ya kwanza mwokaji kulala usiku, alikaa macho mpaka alfajiri kwa kukosa mazoea, akainuka akisema kitanda kina kelele.

*

Kinyozi hakuonekana dukani kwa siku nyingi. Duka lake halikufungwa, ila simu ilitoka juu ya kioo, na watu walinyolewa kimya, vichwa vizima.

Mwokaji alitaka kumwambia. "Yule mjinga wa Alhamisi," alimwambia mkewe, "ni haki ajue ni nani."

"Ukimwambia utakuwa umejitua wewe. Yeye utakuwa umemwongezea," alijibu Chapuchapu. Wakakubaliana kunyamaza, lakini kunyamaza huko kulimwasha Chapuchapu. Zile pesa za pikipiki, alijua, ndizo zilizonunua ule mlango wa pili wa tanuri.

Asubuhi moja kinyozi aliingia. Alikuwa amekonda shingo, na amekuja kwa miguu. Alisimama kwenye foleni kama watu wengine, zamu yake ikafika.

"Shemeji, mmoja."

Chapuchapu alifunga miwili, mikubwa, ya moto, akaisukuma mbele yake. "Chukua tu, shemeji. Leo usilipe."

Uso wa kinyozi ulibadilika, akatazama mikate, akatazama watu nyuma yake, masikio yakamwiva. Chapuchapu aliyaona macho yale na akayatambua, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yake siku ile ya kipande cha tofali.

"Nimesema mmoja," kinyozi alisema taratibu. "Bei gani siku hizi?"

"Ileile ya zamani."

"Haijapanda?"

"Haijapanda."

Akatoa noti. Chapuchapu aliurudisha mkate mmoja kwenye rafu, akaipokea noti yake mbele ya watu wote, na chenji ikafika mkononi mwake kabla hajafunga pochi. Hakumwongezea hata shilingi. Kinyozi aliihesabu palepale, akakuta ni kamili, akacheka kwa mara ya kwanza tangu soko lianguke.

"Haya, Chapuchapu," alisema akitoka na mkate wake kwapani, "mwambie mumeo aje nimnyoe. Ananidai radhi kwa kumwingiza kwenye Kichwa, lakini nywele atalipa."